Uso Tuliousafisha

Siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, nami huikumbuka zaidi kila mwaka masomo yanapoanza, ninyi vijana mnapoingia darasani na simu zenu na kukaa mbele ya kompyuta kama watu wanaosubiri chakula. Naingia, nawasalimu, naandika ubaoni jina la somo: utangulizi wa kutengeneza picha kwa kompyuta. Kabla sijaweka chaki chini, yupo mmoja kule nyuma anauliza, "Papa Paluku, leo tutajifunza kusafisha uso?" Wenzake hucheka. Mimi sicheki. Siyo kwamba nimekuwa mzee wa kununa, ingawa mke wangu angekwambia vingine. Ni kwamba nilipokuwa kama ninyi nililiuliza swali hilo hilo, na jibu lake lilitutoa machozi nyumbani kwetu kwa muda mrefu.

Kaa basi, nikueleze. Somo halitakimbia.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwaka ule mlima wa moto Nyiragongo uliposhuka mjini kwetu Goma. Ninyi mmeona volkano nyingine baadaye na mnadhani mmeona yote. Ile ya kwetu ilipita katikati ya mji, ikaingia madukani, makanisani na kwenye nyumba za watu bila kubisha hodi, ikaenda kuzimika ziwani. Mji wenyewe ulikuwa mikononi mwa waasi, hivyo tulikuwa tayari watu waliozoea kuweka viatu karibu na mlango. Lakini moto unaotembea hakuna aliyekuwa ametuzoeza.

Tulikaa mtaa wa Virunga. Baba alikuwa mtu wa Butembo, mfanyabiashara wa maharagwe na mafuta ya mawese, na mama aliuza pamoja naye. Tulikuwa wavulana watatu, mimi wa kwanza, kisha akazaliwa msichana. Kwa Wanande, msichana akija baada ya wavulana huitwa Kahindo, basi akaitwa Kahindo. Lakini alibeba pia jina la nyanya, mama mzaa baba, na kwa heshima ya nyanya huyo hatukumwita Kahindo nyumbani hata siku moja. Tulimwita Mama. Kitoto chenye kimo cha meza, na baba mtu mzima anakiita kwenye chakula, "Mama, kuya ukule." Desturi hiyo mnaijua. Nani kati yenu hana dada anayeitwa Mama nyumbani kwao?

Alipoanza kutembea aliangukia mbabula, jiko letu la makaa, wakati mama anageuza maharagwe. Akapona, lakini kovu likabaki kutoka pembe ya mdomo hadi karibu na sikio la kushoto, likavuta mdomo kidogo, hata akikasirika alionekana anatabasamu upande mmoja. Sisi tulikuwa hatulioni tena. Uso unaoishi nao kila siku huukagui. Mama peke yake aliliona, na kila alipomwogesha alipitisha kidole pale polepole, kana kwamba siku moja kovu lingetoka na sabuni.

Siku ya moto tulikimbia pamoja na mji mzima kuelekea mpakani, upande wa Gisenyi, Rwanda. Baba hakuwa nasi, alikuwa bandarini Kituku kupokea mzigo uliokuja kwa boti. Mimi nilimbeba nyanya mgongoni, wadogo zangu walibeba godoro, mama alimshika Kahindo mkono. Watu walijaa barabara ukuta kwa ukuta. Kwenye mteremko ikaja chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, imepakia vitanda na milango, mwenyewe ameshindwa kuizuia, ikapita kati ya mama na mwanawe. Mikono ikaachana. Chukudu ilipokwisha kupita, mama alirudi mahali pale pale na hapakuwa na mtoto. Palikuwa na mtu mwingine, na mwingine nyuma yake, na wote walikuwa wanasukumwa.

Tulirudi Goma mawe yakiwa bado yanatoa moshi, tukajenga kibanda cha mbao juu ya jiwe jeusi pale nyumba yetu ilipokuwa. Kahindo hakurudi. Baba alizunguka Sake, akazunguka Gisenyi, akaingia kila kambi. Mama hakulia mbele ya watu. Aliacha tu kuimba kanisani, yeye ambaye zamani sauti yake ilisikika hadi nje.

Watu wa misaada waliokuwa wakiwatafutia watoto wazazi wao wakatuambia tulete picha. Walisema mtoto mdogo hajui kueleza ni wa nani. Sisi tulijua ugumu wetu kuliko wao. Mtu akimwuliza Kahindo, "Unaitwa nani?" atajibu, "Mama." Nani atafahamu kwamba hilo ndilo jina lake? Watasema maskini, analilia mama yake. Akiulizwa baba yake ni nani, atasema ni Papa Paluku, kwa kuwa baba aliitwa kwa jina langu mimi mtoto wake wa kwanza, na Goma ina kina Papa Paluku wa kujaza uwanja wa mpira. Kilichobaki cha kumtambulisha ni uso wake.

Picha ilikuwepo moja tu, ya Noeli, familia nzima mbele ya ukuta wa kanisa. Mama alikimbia nayo ndani ya kitabu cha sala, ikalowa mvua, ikaota madoa ya kahawia. Siku moja asubuhi alinipa.

"Paluku, ku masomo yenu muko na mashini. Peleka hii picha baisafishe. Basafishe mingi, tubandike ku kila kanisa."

Lisikilize neno hilo, mwanangu. Kusafisha. Kwa mama yangu, na kwa kila mtu wa umri wake, kusafisha picha ni kuitoa. Ulipeleka filamu yako kwa mpiga picha, akaiosha kwenye dawa, ukarudi kuchukua picha mkononi. Mtu akikuuliza, "Umesafisha picha za harusi?" alitaka kujua kama zimetoka. Neno halikuwa na kazi nyingine. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye somo jipya, na kule neno lile lile lilikuwa limepewa kazi nyingine kabisa.

Chuo chetu kilikuwa kimeungua nusu, hivyo tulisomea katika ukumbi wa parokia, kompyuta chache juu ya meza zilizozoea kubeba keki za harusi, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole aliyesomea Kampala. Tulimwita Asista, kama mnavyowaita mpaka leo wote wanaoanza kufundisha chuoni. Sitamsema vibaya, kwa kuwa hakuwa na ubaya. Alitufundisha kukata picha, kuongeza mwanga, kuweka kitu juu ya kitu. Lakini somo tulilolipenda kupita yote lilikuwa la chombo kimoja walichokiita tampo, yaani muhuri. Unachukua ngozi nzuri mahali pamoja, unaipiga juu ya doa, na doa halipo tena.

Tulisahau hata njaa. Fikiria vijana waliopoteza nyumba, mji umegeuka jiwe, halafu mtu anawakabidhi kitu kinachofuta kilichoharibika kwa kidole kimoja. Tulifuta chunusi, tukafuta mikunjo ya wazee, tukafuta nyufa za kuta. Kazi hiyo tuliita kusafisha.

Nilipoleta picha ya Kahindo, Asista aliwaita wote.

"Leo kazi yetu ni hii," alisema. "Ni mutoto ya kwa mwenzetu. Tuifanye na roho yote."

Wakaacha mashine zao, wakasimama nyuma ya kiti changu. Tukaiingiza picha kwenye kompyuta, tukamkata dada yangu kutoka kati ya watu wengine, tukamweka peke yake. Doa la mvua lilikuwa limempitia usoni na kukutana na kovu, usingejua moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Asista aliliondoa doa kidogo kidogo, kwa ustadi ambao hata leo nauheshimu. Alipofika kwenye kovu akasimamisha mkono.

"Hii nayo ni ya mvua?"

"Hapana, Asista. Hiyo ni ya mbabula. Aliungua."

Akanitazama kwa huruma. Msichana mmoja wa darasa letu, Furaha, akasema nyuma yangu, "Maskini! Mutabandika mutoto ya batu ku kanisa na kovu yake vile, kila mutu amuangalie?" Wengine wakamwunga mkono. Kwetu picha ni heshima, mwanangu. Mtu hapigwi picha na shati alilolimia. Huazima koti, husimama mbele ya maua ya karatasi, huinua kidevu. Kumtangaza mtoto na kovu lake mji mzima tuliona ni kumtoa nje bila kumwogesha. Na mama alikuwa ameniambia nini? Picha isafishwe.

"Iondoe, Asista," nikasema.

Akapiga muhuri. Ngozi ya shavu la kulia ikahamia la kushoto. Mdomo ukanyooka. Mwingine akaomba tumng'arishe kidogo, mwingine akaligeuza gauni lake la mitumba likawa la waridi, wakaufuta ukuta wa kanisa wakaweka bustani. Darasa likapiga makofi. Mimi nililia, sikujificha, na yalikuwa machozi ya furaha. Tangu moto ushuke, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona dada yangu hajaumizwa na kitu chochote duniani.

Mama alipoiona aliishika kwa mikono miwili. Alipitisha kidole shavuni, mahali pale pale alipozoea, hakukuta kitu. "Ni kama hakuunguaka," akasema, akaibusu. Baba alifungua mdomo, akamwona mke wake ametulia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaufunga. Aliyesema ni nyanya peke yake. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Akaomba aone. Akaisogeza picha mbali, akaileta karibu.

"Na huyu ni mutoto ya nani?"

"Ni Mama, nyanya. Ni mwenye jina yako."

"Hapana. Mwenye jina yangu minamujua. Huyu simujui."

Tukamwambia ni macho. Mdogo wangu akamtania kwamba volkano imemwachia moshi machoni. Nyanya akaiweka picha mapajani. Alinigeukia mimi.

"Paluku, mutu akipotea, banamutafuta vile alikuwa. Habamutafuti vile munatamani angekuwa."

Kisha akarudisha picha, akaendelea na sombe yake. Tulimsikia vizuri kabisa. Tukachukua gundi, tukaenda kubandika.

Tulizibandika Goma, tukazibandika Sake na Kibati, nyingine zikapandishwa na wafanyabiashara hadi Kibumba. Na majibu yakaja. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba yalikuja. Watu wema walituletea wasichana. Mmoja alikuwa na mashavu ya mviringo, mwingine alikuwa mweupe, mwingine alikuwa na mdomo mzuri hasa. Kila mara mama aliacha biashara yake sokoni akakimbia, kitenge kikimfunguka njiani. Kila mara alimtazama yule mtoto, akamnunulia mkate, akarudi kwa miguu polepole. Wote walifanana na picha. Hakuna hata mmoja aliyefanana na Kahindo.

Vita navyo havikutungoja. Barabara ya kaskazini ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Askari hawa walipanda, wale wakashuka, na wakulima wa kule juu walihama na mbuzi wao, wakarudi kuvuna, wakahama tena. Siku moja baba alimtaja Kahindo akasema "alikuwa". Alikuwa anapenda ndizi, alisema. "Anapenda," mama akamsahihisha.

Barabara ilipofunguka tena, nilipanda Kibumba pamoja na mama. Biashara yake sasa ilikuwa kabichi na vitunguu. Mimi nilibeba gundi na picha mpya, maana zile za kwanza zilikuwa zimeliwa na mvua. Mama akaenda mashambani kupatana na wakulima, mimi nikaenda kwenye kanisa dogo la mbao lililo kando ya barabara. Ilikuwa saa za mchana, lakini baridi ya Kibumba mnaijua, ukungu ulikuwa bado umekaa chini. Nikabandua picha ya zamani mlangoni. Nilikuwa nimebandika mpya, napaka gundi pembeni, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Habajamupata bado?"

"Nani?" nikauliza bila kugeuka.

"Huyu mutoto muzuri."

Nikageuka. Alikuwa msichana mdogo, miguu mitupu, amevaa sweta ya mtu mzima, kibidoni cha maji mkononi. Alikuwa anaitazama picha, hakunitazama mimi. Kovu lilianza pembe ya mdomo likaenda hadi karibu na sikio la kushoto.

Kopo la gundi lilinianguka. Nilipiga magoti kwenye matope nikasema, "Mama?"

"Abee," akaitika, kawaida kabisa, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Ndipo akanitazama usoni, akarudi nyuma, na maji yakamwagika yote.

Alikuwa anaishi na mjane mmoja mkulima wa pale, msemaji wa Kinyarwanda, aliyeitwa Mama Bahati. Mjane huyo alimkuta upande wa Gisenyi siku ya moto, ameketi kando ya barabara. Kila alipomwuliza jina, mtoto alisema "Mama", naye akadhani ni kilio. Akamfunga mgongoni, na safari ya kurudi nyumbani ikawapeleka wote wawili Kibumba. Siku ile nilipofika vitu vyake vilikuwa vimekwisha kufungwa. Alikuwa amechoka kukimbia vita, alikuwa anahamia kwa kaka yake Uganda, na mtoto alikuwa anaondoka naye. Tungechelewa kidogo, nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Kwanza nilimwambia mtoto anionyeshe anakokaa, nikapanda juu kwa hasira. Nilimkuta shambani, nikamwuliza mbele ya watu kwa nini alimficha mtoto wa wenyewe. Vita vilikuwa vimetufundisha kumdhania vibaya kila anayesema lugha isiyo ya nyumbani kwetu, na mimi nilikuwa nimelishika somo hilo vizuri kuliko la kompyuta. Mama Bahati hakunirudishia matusi. Alijipangusa udongo mikononi, akamshika mtoto, akashuka nami hadi kanisani, akamsimamisha kando ya picha.

"Angalia wewe mwenyewe," akasema. "Nilimuleta hapa ile ile siku balibandika. Nikauliza katekista, si ni huyu? Akaangalia picha, akaangalia mutoto. Akasema, hapana mama, ule banatafuta hana kovu. Nikarudi naye." Akamgusa Kahindo shavuni kwa nyuma ya mkono. "Kama mungenionyesha huyu, ningemuleta Goma na miguu."

Yule aliyekuwa pichani, mwenye gauni la waridi katika bustani isiyo ya mahali popote, alitutazama sote watatu na hakuwa anamjua hata mmoja wetu.

Mama akafika mbio, mtu alikuwa amemwita. Alipomwona mwanawe akafungua mikono yote miwili. Kahindo akajificha nyuma ya kitenge cha Mama Bahati na kumwuliza jambo kwa Kinyarwanda. Mama Bahati akamjibu, akamsogeza mbele taratibu. Naye mtoto akanyoosha mkono akamsalimia mama yangu kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni. Mama aliupokea mkono huo. Hakumvuta. Alinyanyua kidole, akakipitisha kwenye kovu kutoka mdomoni hadi sikioni, na mtoto akatulia, akafumba macho. Wale wanawake wawili walilia, kila mmoja kwa lugha yake, na mimi nilisimama pale na gundi mikononi.

Kahindo alirudi nyumbani, lakini moyo wake haukurudi mara moja. Kwa muda mrefu alimwita mama "mama ya Goma", na usingizini alizungumza Kinyarwanda. Mama Bahati alikuja kumwona kila barabara ilipofunguka. Miaka baadaye waasi wengine walipoteka kule juu, alikimbilia kwetu, na Kahindo akamwachia kitanda chake akalala chini. Asista nilipomweleza yote aliketi, akavua miwani, hakufundisha siku hiyo. Na nyanya, ukitaka kujua, hakutukumbusha hata mara moja. Alimkalisha mwenye jina lake pembeni, akampa sombe wachambue pamoja.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika. Jumapili ya kwanza baada ya kumpata tulikwenda misa wote. Mlangoni pa parokia yetu picha ilikuwa bado ipo. Nilinyoosha mkono niichane, na Kahindo akanishika shati.

"Usimutoe! Batu yake batamupata namna gani?"

"Huyu ni wewe," nikamwambia. "Ni wewe tulikuwa tunatafuta."

Akacheka. Alidhani namtania. Kisha akaona sicheki, akaitazama tena picha ile, akajishika shavu.

"Hapana, kaka. Huyu mimi namujua. Kila siku ya Mungu nilikuwa namuangalia kule Kibumba. Nilikuwa na wivu naye. Nilikuwa nasema, huyu iko na bahati, batu yake banamutafuta. Mimi hakuna mutu ananitafuta."

Mwanangu, nimesikia mabomu katika mji huu, na nimesikia mlima ukipasuka. Hakuna kilichonipiga kama maneno hayo ya mtoto mdogo mlangoni pa kanisa. Kila Jumapili tulikuwa tunamtafuta mbele ya macho yake mwenyewe, naye akawa anamwonea wivu yule tunayemtafuta.

Basi nasaha yangu ni hii, na utaisikia kwangu kabla ya kugusa kompyuta. Mimi sikukatazi kusafisha. Bibi harusi akitaka chunusi yake iondoke, iondoe, ni uso wake na ni siku yake. Lakini kila uso utakaowekwa mbele yako una mtu anayeutafuta, labda leo, labda baada yako. Kabla ya kufuta, uliza: mtu huyu hujulikana kwa kitu gani? Ukishajua, hapo usiguse kabisa. Muulize aliyekuletea picha anataka nini, umwache aeleze kwa maneno yake mwenyewe, wala usijidanganye kwamba neno lake na lako ni moja kwa sababu yanatamkwa sawa. Picha uliyopewa ibaki ilivyo, fanya kazi yako juu ya nakala. Na mzee asiyejua kompyuta akikuuliza huyu ni nani, usiyalaumu macho yake, itazame kazi yako.

Hayo ni ya kompyuta. Ya maisha ni magumu zaidi. Tunaishi mahali ambapo watu bado wanakimbia, na kila vita vikianza simu zenu hujaa nyuso za watoto waliopotea. Simu hizo siku hizi husafisha uso hata bila kuombwa, na wewe kwa huruma yako utatamani kumwondolea mtoto wa watu machozi, vumbi na jeraha. Najua huruma hiyo, ilinijaa mimi nikiwa na umri wako. Izuie mkononi. Mwache na jeraha lake, kwa kuwa pengine ndilo litakalomrudisha nyumbani. Na mji wetu nao uuache na kovu lake unapoupiga picha. Usitufutie mawe meusi ili wageni watupende. Na uso wako mwenyewe, binti yangu, kijana wangu, usiuchoke upesi. Wapo wanaoupenda hivyo ulivyo, nao wakiukosa hawatajua pa kuanzia.

Sasa washa mashine. Mungu aibariki mikono yako, aipe wepesi wa kutengeneza na uzito wa kufuta. Akuepushe na moto wa mlima na moto wa watu. Na ikitokea siku umepotea, mwanangu, akuwekee mtu wa kukubeba mgongoni bila kuuliza lugha yako, na akujalie ujue, kila Jumapili ya kupotea kwako, kwamba ni wewe unayetafutwa.